Ndugu Yuko Tayari Kutoa Figo Lakini Hamlingani: Kubadilishana, Mnyororo, Vocha au Kupandikiza Hivyo Hivyo?

Neno "hamlingani" huwavunja watu moyo kuliko linavyostahili. Mke amejitolea kwa hiari yake. Amepimwa moyo, sukari, shinikizo la damu na mkojo wa saa 24, figo zake zote mbili zimeonekana nzima, halafu daktari anasema damu yake haiendani na ya mumewe. Familia nyingi huishia hapo. Mume anarudi kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, mke anashukuriwa na faili linafungwa.

Kwa aliyeko Marekani, Uingereza, Kanada, Uholanzi au Australia, na kwa kiasi fulani hata kwa anayekwenda kutibiwa India, faili hilo halipaswi kufungwa. Zipo njia nne za kuendelea, na zinatofautiana sana kwa muda, kwa hatari na kwa kile zinachomtaka mtoaji. Nitazipima zote kwa vigezo vilevile, ili mkikaa na daktari mjue la kumuuliza.

Kabla ya yote: hamlingani kwa nini?

Swali hili ndilo linaloamua karibu kila kitu, na inanisikitisha kuona watu wakitoka hospitalini bila kuliuliza. Majibu ni mawili.

La kwanza ni kundi la damu. Mtoaji wa O anaweza kumpa yeyote, lakini mgonjwa wa O anapokea kwa O tu. Mgonjwa wa AB anapokea kwa wote. A humpa A au AB, na B humpa B au AB. Alama ya chanya au hasi inayofuata kundi, ile inayowasumbua wajawazito, haina uzito katika figo, kwa hiyo O chanya na O hasi ni sawa hapa.

La pili ni kingamwili. Maabara huchukua chembe nyeupe za damu ya mtoaji na kuzichanganya na majimaji ya damu ya mgonjwa. Chembe zikishambuliwa, mwili wa mgonjwa utaishambulia figo hiyo vilevile, hata kama makundi ya damu yanafanana. Kingamwili hizi hutokana na mambo matatu: kuongezewa damu, kupandikizwa kiungo huko nyuma, na mimba. Ndiyo maana mama wa watoto wanne anaweza kuikataa figo ya mumewe au ya mwanawe mwenyewe, kwa kuwa mwili wake ulishakutana na asili ya baba kupitia mimba na ukajiandaa kupambana nayo. Kiwango chake hutajwa kwa asilimia. Ukiambiwa 95, maana yake ni kwamba kati ya watoaji 100 wa kawaida, mwili wako ungewakataa 95.

Basi andikeni mambo matatu kwenye karatasi: kundi la mgonjwa, kundi la mtoaji, na asilimia ya kingamwili za mgonjwa. Bila hayo, ulinganisho wote unaofuata hautawasaidia.

Vigezo nitakavyotumia

Ni vitano: mtangoja kiasi gani, mwili wa mgonjwa utapitishwa wapi, mtoaji anatakiwa nini, nini kitatokea mambo yakiharibika katikati, na njia yenyewe inamfaa nani. Gharama nitaigusa pale inapobadilisha uamuzi. Kuuza au kununua figo hakumo kabisa. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1984, India mwaka 1994, na huko kwingine nilikokutaja ni kosa vilevile.

1. Kubadilishana kati ya jozi

Mume wa kwanza ni A na mkewe ni B. Mume wa pili ni B na mkewe ni A. Mke wa kwanza anampa mume wa pili, na mke wa pili anampa mume wa kwanza. Wazo hili liliandikwa na daktari Felix Rapaport mwaka 1986, Korea Kusini ikalitekeleza mwaka 1991, Marekani ikafuata mwaka 2000 huko Rhode Island, na Uholanzi ikawa na mpango wa taifa zima mwaka 2004. Uingereza ilianza mwaka 2007. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuweka wazi kwamba kubadilishana namna hii si biashara ya viungo. Siku hizi kompyuta ndiyo inayopekua mamia ya jozi na kutafuta duara la jozi mbili au tatu. Mchumi Alvin Roth, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2012, ni mmoja wa waliotengeneza hesabu zake.

*Muda.* Hapa ndipo kundi la damu linapoamua. Jozi ya A na B hupata wenzao upesi. Mgonjwa wa O ndiye anayekaa sana, na sababu yake ni rahisi kuiona: mtoaji wa O anamfaa kila mtu, kwa hiyo kwa kawaida humpa ndugu yake moja kwa moja na haingii kwenye mpango. Wanaobaki kwenye mpango ni wagonjwa wengi wa O wenye watoaji wa A na B. Afrika Mashariki kundi O ndilo lenye watu wengi kuliko mengine, kwa hiyo jambo hili linatuhusu sana.

Ratiba nayo ina uzito wake. Uingereza hupanga ulinganisho mara nne kwa mwaka, Kanada mara tatu, na mipango ya Marekani hutafuta mara kwa mara zaidi. Fikiria ndugu anayetoka Arusha kwenda Leicester kumtolea figo dada yake. Viza ya mgeni Uingereza ni ya miezi sita. Vipimo vinakula wiki kadhaa, ulinganisho unafanyika kila baada ya miezi mitatu, kisha upasuaji hupangwa wiki kadhaa baadaye. Kwa vitendo ana nafasi moja, akibahatika mbili. Fanyeni vipimo vyote vinavyowezekana nyumbani kabla hajapanda ndege, na tarehe ya safari ipangwe pamoja na mratibu wa upandikizaji wa hospitali.

*Mwili wa mgonjwa.* Huu ndio uzuri wake mkubwa. Mgonjwa anapata figo inayolingana naye, kwa dawa za kawaida za kushusha kinga, bila matibabu mazito ya kumtayarisha. Figo ya mtu aliye hai hufanya kazi kwa wastani wa miaka 15 hadi 20, na mara nyingi huanza kutoa mkojo mgonjwa akiwa bado kwenye meza ya upasuaji.

*Mtoaji.* Anampa mtu asiyemjua, na kwa wengine jambo hili ni zito kuliko kisu chenyewe. Sheria za kufahamiana zinatofautiana: Uholanzi hufunga majina kabisa, Uingereza huruhusu kukutana baada ya upasuaji ikiwa pande zote mbili zinataka, na Marekani kukutana ni jambo la kawaida. Kwa kawaida mtoaji hasafiri. Figo huoshwa kwa maji maalumu ya baridi, huwekwa kwenye mifuko mitatu ndani ya sanduku la barafu, na Marekani sanduku hilo mara nyingi huruka na ndege ya abiria ya kawaida.

*Yakiharibika.* Hakuna sheria inayoweza kumlazimisha mtu kutoa figo, wala haipaswi kuwepo. Ndiyo maana upasuaji wote wa duara hupangwa kuanza kwa wakati mmoja. Vinginevyo mke wa pili angeweza kubadili nia baada ya mumewe kupata figo, na mume wa kwanza abaki mikono mitupu, mkewe keshatoa yake. Udhaifu wake ni kwamba mtu mmoja akishikwa na homa wiki hiyo, wote husimama. Mnakuwa mmecheleweshwa, lakini hakuna aliyepoteza figo.

*Inamfaa nani.* Jozi za A na B, wagonjwa wenye kingamwili za wastani, na yeyote anayeweza kungoja miezi kadhaa. Inawafaa pia jozi zinazolingana lakini zinataka figo bora, kwa mfano kijana wa miaka 30 aliyepata mtoaji wa miaka 60 wa kundi O. Wakiingia kwenye mpango, kijana anaweza kupata figo changa, na mgonjwa mmoja wa O atapata aliyekuwa akimngoja.

2. Mnyororo

Mnyororo huanza na mtu asiye na mgonjwa wake, anayetoa figo kwa ajili ya yeyote. Figo yake inakwenda kwa mgonjwa wa kwanza, mtoaji wa huyo anampa mgonjwa wa pili, na kuendelea. Mnyororo wa kwanza wa aina ya kutosubiriana, yaani ambao upasuaji wake haufanyiki wote kwa wakati mmoja, ulianza Julai 2007, mtoaji kutoka Michigan alipokwenda kutoa figo Arizona kupitia mpango wa daktari Michael Rees wa Toledo. Ulizaa upandikizaji wa watu 10. Mwaka 2011 mnyororo mwingine wa Marekani uligusa watu 60, yaani figo 30.

*Muda.* Mara nyingi ni mfupi kuliko duara, kwa sababu si lazima figo irudi ilikoanzia. Jozi yako haihitaji kumfaa mtu fulani mmoja. Inatosha mnyororo upite karibu yenu. Mgonjwa wa O ana tumaini zaidi hapa, kwani anayeanzisha mnyororo akiwa O, anaingiza kwenye mpango figo ambayo vinginevyo isingekuwamo.

*Mwili wa mgonjwa.* Sawa na njia ya kwanza.

*Mtoaji.* Hapa pana swali ambalo wanandoa wajiulize wenyewe, bila daktari kuwepo. Mume anaweza kupata figo leo, na mke akatakiwa kutoa yake baada ya wiki au miezi. Mtoaji wa namna hii huitwa daraja. Je, ataweza kulibeba jambo hilo huku akimuuguza mumewe, watoto wakienda shule, na kazi ikimngoja? Si kila mtu anaweza, na ni halali kabisa kusema hapana na kuomba upasuaji ufanyike siku moja.

*Yakiharibika.* Mnyororo ukikatika, anayekosa ni jozi iliyokuwa ikingoja mbele, ambayo bado ina mtoaji wake na inaweza kujaribu tena. Hakuna anayetoa figo na kubaki bila kitu, na ndiyo sababu madaktari walikubali kuacha upasuaji wa wakati mmoja. Kukatika kwenyewe ni nadra, na husababishwa na mambo kama ugonjwa wa mtoaji au kubadili nia.

*Inamfaa nani.* Wagonjwa wa O na wenye kingamwili nyingi walioko kwenye mipango mikubwa. Marekani ndiko mnyororo ulikoota mizizi zaidi. Uingereza nayo ina minyororo tangu 2012, ila ni mifupi, na humalizikia kwa mgonjwa wa orodha ya kawaida.

3. Vocha

Mwaka 2014 huko California, jaji mstaafu alitaka kumtolea figo mjukuu wake wa miaka minne aliyezaliwa na tatizo la figo. Mtoto hakuhitaji figo wakati ule, na ambapo angeihitaji babu angekuwa mzee mno. Hospitali ya UCLA ikakubali babu atoe kwanza, mjukuu apewe vocha ya kutangulizwa atakapohitaji. Mpango huo ukaenea katika mtandao wa kitaifa wa kubadilishana figo wa Marekani.

*Muda.* Anayechagua tarehe ni mtoaji. Anaweza kutoa wakati wa likizo, kabla ya kuanza kazi mpya, au kabla umri haujamzuia.

*Mwili wa mgonjwa.* Siku ikifika, atatafutiwa figo inayolingana, kwa kawaida kutoka mwisho wa mnyororo.

*Mtoaji.* Hatari ya upasuaji ni ileile, ila faida kwa mpendwa wake haijaonekana. Atakuwa ametoa kwa imani.

*Yakiharibika.* Hapa nawasihi msome karatasi kwa utulivu, mstari kwa mstari. Vocha ni kipaumbele, na kipaumbele si figo iliyowekwa akiba. Haiuzwi wala hairithiwi, na vocha yenye jina la mtu mmoja, mtu huyo akifariki, imekwisha. Mgonjwa akija kuwa na kingamwili nyingi mno, huenda asipatikane wa kumfaa. Hadi mwanzoni mwa 2021 watoaji wa aina hii walikuwa wamefika takriban 250, na vocha zilizokwisha kutumika zilikuwa chache sana. Kwa hiyo mpango huu bado haujapimwa na miaka mingi kama zile njia nyingine.

*Inamfaa nani.* Babu na bibi, na watoaji wenye ratiba ngumu, ambao mgonjwa wao hana haraka. Kama mgonjwa yuko kwenye mashine leo, waulizeni kuhusu aina fupi ya mpango huu, ambapo mtoaji anatoa mwezi huu na mgonjwa anafanyiwa upasuaji wiki kadhaa baadaye. Inaweza kumsaidia ndugu aliyetoka mbali mwenye viza inayokwisha.

4. Kupandikiza licha ya kutolingana

Njia hii haihitaji jozi nyingine. Mgonjwa anatayarishwa ili mwili wake uipokee figo ya mtoaji yuleyule. Kwa kutolingana kwa kundi la damu, Japani imekuwa ikiitumia sana tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kuwa figo za waliofariki zilikuwa adimu mno huko.

*Muda.* Unahesabika kwa wiki, na tarehe inajulikana. Kwa aliyechoka kungoja, hilo si jambo dogo.

*Mwili wa mgonjwa.* Hapa ndipo bei inapolipwa. Hupewa dawa ya kupunguza chembe zinazotengeneza kingamwili, kisha damu yake huchujwa mara kadhaa kuziondoa zile zilizopo, huku kiwango kikipimwa tena na tena mpaka kishuke. Kinga inakuwa chini, na maambukizi katika miezi ya mwanzo ni hatari halisi. Katika hospitali zenye uzoefu, baada ya kuvuka kipindi cha mwanzo, figo iliyotolewa na mtu wa kundi lisilolingana hudumu karibu sawa na nyingine. Kwa kutolingana kwa kingamwili hali ni nzito zaidi: kukataliwa ni kwingi, na matokeo ya muda mrefu ni hafifu kuliko ya figo inayolingana.

Swali moja la bure: kama mtoaji ni wa kundi A na mgonjwa ni wa O au B, ulizeni A hiyo ni ya aina ndogo ya A1 au A2. Alama za A2 ni dhaifu, na hospitali nyingine humpandikiza mgonjwa figo ya A2 kwa matayarisho machache sana.

*Mtoaji.* Anampa mtu wake, mkono kwa mkono. Wapo ambao hawataki vinginevyo, na nafsi zao ziheshimiwe.

*Yakiharibika.* Figo ikikataliwa, imepotea, na mtoaji hana nyingine ya kutoa. Kwenye njia mbili za mwanzo tatizo kubwa ni kuchelewa. Hapa ni kupoteza.

*Inamfaa nani.* Mgonjwa wa O mwenye kingamwili kidogo, aliyejaribu kubadilishana bila mafanikio, na aliye karibu na hospitali inayofanya jambo hili mara kwa mara. Gharama huwa kubwa zaidi, na kwa anayelipa mwenyewe huko India tofauti hiyo itaonekana kwenye bili.

Orodha ya figo za waliofariki

Marekani wanaoingoja ni takriban watu 90,000, na wengi hungoja miaka mitatu hadi mitano au zaidi. Kuingia kwenye mpango wa kubadilishana hakukuondoi kwenye orodha hiyo, kwa hiyo kaeni kote kuwili.

Kwa anayetoka Tanzania au Kenya

Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Kenya ilitangulia kwa miaka mingi. Huduma hizi zimejengwa juu ya ndugu aliye hai anayelingana na mgonjwa, kwa hiyo jozi isiyolingana mara nyingi huelekezwa India. Sheria ya India ilirekebishwa mwaka 2011 na kuruhusu kubadilishana kati ya jozi mbili ambazo kila moja ni ya ndugu wa karibu. Ndugu wa karibu ni mume au mke, wazazi, watoto, ndugu wa kuzaliwa, babu na bibi, na wajukuu. Shemeji, binamu na rafiki hawamo. Mgeni pia anahitaji uthibitisho wa ubalozi wake kuhusu undugu na kibali cha kamati inayosimamia upandikizaji. Chukueni vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa kabla ya kusafiri, na iulizeni hospitali kwa maandishi kama kamati yake huidhinisha kubadilishana kwa wageni.

Mwaka 2015 wanandoa kutoka Ufilipino waliingizwa kwenye mnyororo wa Marekani, mume akapata figo na mke akatoa yake. Mpango huo wa kuvuka nchi ulizua ubishi mkubwa wa kimaadili na haukuwa mlango wa wazi. Mtu akikupigia simu akidai anaweza kukupatia "jozi ya kubadilishana" kwa malipo, huyo ni dalali wa figo. Kaa naye mbali.

Kulingana na hali yenu

Kama mgonjwa ni A na mtoaji ni B, au kinyume chake, anzeni na kubadilishana. Hakuna sababu ya kumchuja mgonjwa kingamwili kabla ya kujaribu.

Kama mgonjwa ni O, jiandikisheni kwenye mpango wenye minyororo, ulizeni habari ya A2, na wekeni mpaka wa muda pamoja na daktari. Mpaka huo ukipita, zungumzeni kuhusu kupandikiza licha ya kundi kutolingana.

Kama kingamwili zimezidi 95, tafuteni mpango mkubwa kuliko wote mnaoweza kuufikia, na mleteni mtoaji wa pili au wa tatu kama yupo, kwa kuwa kila mtoaji anayeongezeka huongeza nafasi. Wapo wanaochanganya njia mbili: wanabadilishana ili kupata figo isiyochokoza kingamwili sana, kisha matayarisho yanakuwa mepesi.

Kama mgonjwa anadhoofika haraka kwenye mashine, mishipa inaharibika au moyo unalalamika, tarehe ya uhakika inaweza kuwa na thamani kuliko figo kamilifu ya mwakani.

Kama mtoaji anasitasita, msimsukume. Kwetu mara nyingi ni mke, au dada ambaye hajaolewa, anayetazamwa na ukoo mzima mpaka akubali. Marekani kila mtoaji hupewa mtetezi wake asiyehusika na mgonjwa, na Uingereza mtathmini huru huzungumza naye faragha, kwa mkalimani asiye wa familia kama anahitaji Kiswahili. Akisema hapana, hospitali haitafichua. Familia itaambiwa tu kwamba hafai kutoa, na safari ya kutafuta itaendelea kwa mtu mwingine.